Jinsi ya Kuandika Maisha ya Mkwekeri Mwenye Ardhi na Tanuru la Chuma katika Marekani ya Kikoloni

Anayetaka kuandika maisha ya mtu kama Samuel Nutt wa Pennsylvania au Richard Snowden wa Maryland atagundua mapema kwamba mtu huyo ameacha karatasi nyingi kuhusu mali yake na chache sana kuhusu nafsi yake. Marafiki wa karne ya 18, wanaojulikana pia kama Wakwekeri, kwa kawaida waliona kuchorwa picha ya kutundikwa ukutani kuwa ni majivuno, na hawakupenda mawe ya kumbukumbu makaburini, kwa hiyo sura yake huenda haijulikani na kaburi lake limelala chini ya majani bila jina. Kilichosalia ni vitabu vya aina mbili: kumbukumbu za mkutano wake wa kidini na daftari za hesabu za tanuru lake. Viliandikwa katika ujirani mmoja, kuhusu watu walewale, lakini kimoja hakimtaji mwenzake. Kazi ya mwandishi ni kuviweka vyote viwili juu ya meza moja na kuvisoma sambamba, mwaka kwa mwaka, mpaka mtu huyo aonekane mzima, pamoja na wale aliowatumikisha.

Mwongozo huu unahusu Pennsylvania na Maryland, kuanzia miaka ya 1710 hadi Mapinduzi ya Marekani, kwa sababu huko ndiko Wakwekeri wengi wenye ardhi walikoingia katika biashara ya chuma.

Anza na mkaa

Kabla ya kufungua hati yoyote, jifunze jinsi chuma kilivyopatikana, maana usipoijua kazi hiyo hutaelewa kwa nini mtu alinunua mlima usiolimika au kwa nini aligombana na jirani yake juu ya kijito. Tanuru lilikuwa mnara wa mawe wenye kimo cha futi 30 hivi, uliojengwa ubavuni mwa kilima ili wafanyakazi wapite juu ya daraja la mbao na kumimina mdomoni mwake mkaa, mtapo wa chuma na mawe ya chokaa, tabaka baada ya tabaka. Chini yake mivukuto mikubwa iliyoendeshwa na gurudumu la maji ilipuliza hewa usiku na mchana. Chokaa ilishikamana na uchafu wa mtapo ikawa mavi ya chuma, yaliyoelea juu na kuondolewa, na chuma kilichoyeyuka kikatuama chini. Kwa kawaida mara mbili kwa siku tundu la chini lilitobolewa, chuma kikatiririka kwenye mifereji iliyochimbwa mchangani na kuganda kuwa mikuo. Mikuo hiyo ilikuwa migumu lakini ilivunjika upesi, kwa hiyo ilipelekwa kwenye karakana ya kufulia, ikapashwa moto upya na kupondwa kwa nyundo kubwa ya nguvu za maji, hadi ikawa pau ambazo mhunzi aliweza kuzigeuza kiatu cha farasi au jembe. Tanuru na karakana ni vitu viwili tofauti, mara nyingi katika sehemu mbili tofauti na kwa wamiliki tofauti. Mwandishi anayevichanganya atamgawia mtu wake utajiri asiokuwa nao.

Kilichomeza utajiri ni mkaa. Tanuru linalowaka lilikula mkaa wa takriban ekari moja ya msitu kwa siku. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu: likiwaka siku 250 kwa mwaka, hizo ni ekari 250, na kwa kuwa miti iliyokatwa ilihitaji miaka 20 hadi 30 kuchipua na kukomaa tena, mwenye tanuru aliyetaka kubaki mahali pamoja alihitaji kati ya ekari 5,000 na 7,500 za msitu peke yake, mbali na mashamba ya kulisha watu na wanyama. Hapo ndipo utaona kwamba umiliki wa ardhi na utengenezaji wa chuma havikuwa biashara mbili za mtu mmoja. Vilikuwa biashara moja. Ukikuta hati inayoonyesha kwamba alinunua ekari 800 za vilima vyenye mawe, usiharakishe kuandika kwamba alikuwa na uchu wa ardhi. Tazama kwanza tarehe ambayo tanuru lake liliwashwa.

Wachoma makaa nao wanastahili nafasi katika kitabu chako. Walisimamisha magogo kwa mduara, wakayafunika kwa majani na udongo, wakawasha moto ndani, kisha wakalilinda rundo hilo kwa siku 10 hadi 14 wakilala katika kibanda kando yake. Mwali mmoja ukipenya nje bila kuzibwa, kazi ya wiki nzima iligeuka majivu. Majina yao yamo katika daftari, mara nyingi pamoja na idadi ya mizigo waliyoleta, na mara chache sana katika vitabu vinavyoandikwa leo.

Sahihisha tarehe kabla ya kuandika sentensi ya kwanza

Hili ni kosa linaloharibu kazi nyingi, na msomaji wa Kiswahili yumo katika hatari zaidi kuliko wengine, kwa sababu sisi pia huhesabu siku na miezi kwa namba. Wakwekeri walikataa majina ya miezi na siku yaliyotokana na miungu ya kale, wakasema Mwezi wa Kwanza, Siku ya Tano, na kadhalika. Lakini hadi 1752 mwaka katika makoloni ya Waingereza ulianza rasmi tarehe 25 Machi, na Mwezi wa Kwanza wa Wakwekeri ulikuwa Machi, siyo Januari. Kumbukumbu inayosema “siku ya 10 ya Mwezi wa 12, 1736/7” inahusu Februari 1737. Ukiandika Desemba 1736, utakuwa umemfanya mtu aoe au afe miezi miwili kabla ya wakati wake. Mwaka 1752 kalenda ilibadilishwa: tarehe 2 Septemba ilifuatwa na tarehe 14, na tangu hapo Mwezi wa Kwanza ukawa Januari.

Siku za juma nazo zina mtego wake. Siku ya Kwanza ya Wakwekeri ni Jumapili. Kwa hiyo Siku ya Tano ni Alhamisi, wala siyo Jumatano, ingawa sikio letu linavutwa huko. Mkutano uliofanyika “Siku ya Nne” ulifanyika siku tunayoiita Jumatano. Andaa jedwali dogo la miezi na siku hizi, libandike mbele ya macho yako, na kila tarehe unayonakili iandike mara mbili: kama ilivyo katika chanzo, na kama inavyosomeka leo.

Hati za ardhi

Pennsylvania ilikuwa na hatua tatu: amri ya kupima, upimaji wenyewe, na hati miliki. Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho ingeweza kupita miaka mingi, kwa hiyo tarehe ya hati miliki haikuonyeshi siku ambayo mtu wako alianza kukata miti. Amri ya kupima iko karibu zaidi na nia yake. Vipimo vilitolewa kwa fito za futi 16.5, na fito 160 za mraba zilifanya ekari moja. Kipande cha fito 100 kwa 160 ni fito 16,000 za mraba, yaani ekari 100. Lakini Pennsylvania iliongeza asilimia 6 kwa ajili ya barabara, ndiyo maana ukichora mipaka mwenyewe utapata eneo kubwa kidogo kuliko linaloandikwa. Chora mipaka hiyo. Chukua karatasi ya miraba, anza kwenye mwaloni au jiwe linalotajwa, fuata kila mwelekeo na kila urefu, na uone kama mstari wa mwisho unarudi ulikoanza. Kuchora kunachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini, lakini ukimaliza utajua kijito kilipita upande gani, na kwa hiyo gurudumu la maji liliweza kukaa wapi.

Maryland ilikuwa na desturi tofauti na ya kupendeza: kila kipande cha ardhi kilipewa jina. Vipande vya ukoo wa Snowden kando ya mto Patuxent vilibeba majina kama Robin Hood's Forest, Birmingham Manor na Snowden's Manor Enlarged. Jina hilo hudumu hata ardhi inapogawanywa na kuuzwa, kwa hiyo litafute jina la kipande badala ya jina la mtu, nawe utawakuta warithi, wapangaji na majirani ambao usingewafikia kwa njia nyingine. Hati miliki za koloni hilo zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Maryland mjini Annapolis.

Jihadhari na mipaka ya kaunti. Eneo la Sandy Spring, walikokaa binti za Richard Snowden na waume zao, lilikuwa katika kaunti ya Prince George's, likahamia Frederick mwaka 1748, kisha Montgomery mwaka 1776. Huko Pennsylvania, kaunti ya Berks ilianzishwa 1752 na ile ya Montgomery 1784. Hati hubaki katika kaunti ilikoandikwa, haziifuati ardhi. Mtu anayetafuta wasia wa 1740 katika kaunti iliyozaliwa 1784 atarudi mikono mitupu na kudhani kwamba wasia haukuwepo.

Kuna swali moja ambalo hati zenyewe hazikuulizi, nawe huna budi kulijibu: ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya kupimwa? Mfano wa Durham unafundisha zaidi ya mingine yote. Mwaka 1727 kundi la matajiri wa Philadelphia, akiwemo Mkwekeri James Logan, lilianzisha tanuru la Durham karibu na mto Delaware, katika eneo ambalo Walenape, wenyeji wa asili wa huko, hawakuwa wamekubali kuliachia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1737, Logan huyohuyo alikuwa mhusika mkuu katika mpango wa kuwanyang'anya Walenape ardhi ya eneo hilo kwa kile kilichoitwa Ununuzi wa Kutembea, ambapo umbali wa mwendo wa siku moja na nusu ulipimwa kwa wakimbiaji waliotayarishwa mapema na njia iliyofyekwa. Mwandishi akieleza tanuru la Durham bila kueleza Ununuzi wa Kutembea atakuwa ameficha nusu ya habari, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli.

Kumbukumbu za mkutano

Wakwekeri walijipanga kwa ngazi: Mkutano wa Mwezi, wa Robo Mwaka na wa Mwaka. Kwa maisha ya mtu mmoja, Mkutano wa Mwezi ndio wenye utajiri. Kumbukumbu za mikutano iliyokuwa chini ya Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia zimehifadhiwa katika vyuo vya Haverford na Swarthmore, vyote viwili nje kidogo ya Philadelphia. Utakuta humo mambo manne hasa: vyeti vya kuhama, ambavyo mkutano wa zamani ulimwandikia mwanachama ili apokelewe na mkutano mpya, nia za ndoa, migogoro, na kutengwa.

Nia ya ndoa ilitangazwa katika mikutano miwili mfululizo, na kamati ikachunguza kama wachumba walikuwa huru na ahadi nyingine. Siku ya harusi wote waliohudhuria walitia sahihi kwenye cheti, jamaa wa karibu wakijipanga chini ya majina ya maharusi. Nakili kila jina, hata lile lisilokuhusu leo. Mara nyingi mshirika wa biashara anayejitokeza miaka kumi baadaye alikuwa amesimama katika chumba hicho kama binamu wa bibi harusi.

Migogoro nayo ina hazina yake. Marafiki walitakiwa wasishtakiane mahakamani kabla ya kupeleka shauri mbele ya wasuluhishi wa mkutano, kwa hiyo ugomvi juu ya deni la mikuo ya chuma au mpaka wa bwawa unaweza kuwa umeandikwa katika kumbukumbu za ibada na wala usiwepo popote katika vitabu vya mahakama. Mkutano ungeweza kumtenga aliyeshindwa kulipa madeni yake. Soma pia kumbukumbu za mkutano wa wanawake, ambazo ziliandikwa peke yake. Watafiti wengi huziruka, na wanapoziruka hupoteza nusu ya jamaa.

Usimwite mtu Mkwekeri kwa sababu tu majirani zake walikuwa Wakwekeri. Thomas Rutter, aliyeanzisha mwaka 1716 kazi ya kwanza ya chuma ya Pennsylvania kwenye kijito cha Manatawny, mara nyingi huhesabiwa miongoni mwao, lakini alikuwa mmoja wa waliomfuata George Keith katika mfarakano wa miaka ya 1690 na akatoka katika umoja wa Marafiki. Dalili moja ya kusaidia ni neno linalotumika katika hati za mahakama na mirathi: Wakwekeri hawakula kiapo, walithibitisha. Ukisoma kwamba shahidi “alithibitisha” badala ya “aliapa”, una sababu ya kuuliza zaidi, ingawa Wamenoni nao walifanya hivyo, kwa hiyo neno hilo peke yake halitoshi.

Fuata mstari wa wanawake

Nilipoanza kuchora ukoo wa matanuru ya Pennsylvania kwa kufuata majina ya wanaume, nilipata vipande visivyoungana. Vilipoungana ni pale nilipoanza na Anna Rutter. Alikuwa binti wa Thomas Rutter. Aliolewa na Samuel Savage. Mume huyo alipofariki akaolewa na Samuel Nutt, Mkwekeri aliyetoka Uingereza na kuanzisha karakana ya Coventry kwenye kijito cha French Creek, katika kaunti ya Chester. Nutt alifariki mwishoni mwa miaka ya 1730, na mjane wake ndiye aliyesimamia ujenzi wa tanuru la Warwick juu ya ardhi aliyoachiwa kwa wasia. Binti yake Rebecca Savage aliolewa na Samuel Nutt mdogo, mpwa wa baba yake wa kambo, na baadaye na Robert Grace, rafiki wa Benjamin Franklin. Franklin alipobuni jiko lake la chuma mwanzoni mwa miaka ya 1740 alimpa Grace mfano wake, naye Grace akapata faida kwa kusubu bamba zake. Binti mwingine, Ruth Savage, aliolewa na John Potts, aliyejenga jumba la Pottsgrove mwaka 1752 na kuanzisha mji unaoitwa leo Pottstown.

Rutter, Savage, Nutt, Grace, Potts: majina matano ya ukoo, na anayeyaunganisha ni mama mmoja na binti zake wawili. Kwa hiyo chora mti wa ukoo ukianza na wake na mabinti, kisha weka juu yake matanuru na karakana, na uonyeshe kwa mshale kila kimoja kilivyopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wasia ndio chanzo bora hapa. Soma maneno yenyewe ya wasia, kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya mjane aliyepewa sehemu ya faida na mjane aliyepewa ardhi na haki ya kujenga.

Kusoma daftari za hesabu

Daftari nyingi za matanuru na karakana za Pennsylvania zimo katika Jumuiya ya Historia ya Pennsylvania, mjini Philadelphia. Kuna daftari la kila siku, ambamo karani aliandika jambo lilipotokea, na kuna leja, ambamo kila mtu ana ukurasa wake wa kudai na kudaiwa. Anza na leja ili uwajue watu, kisha nenda kwenye daftari la kila siku ili ujue siku zao zilikwendaje.

Vipimo vitakusumbua kwa muda. Chuma kilipimwa kwa tani, mia, robo na ratli, lakini “mia” hiyo ilikuwa ratli 112, robo ilikuwa ratli 28, na tani ilikuwa ratli 2,240. Tuseme umekuta mstari unaosomeka tani 2, mia 3, robo 1, ratli 14. Hesabu yake ni 4,480 na 336 na 28 na 14, jumla ratli 4,858, yaani takriban kilo 2,200. Fedha ilikuwa pauni, shilingi na peni, peni 12 kwa shilingi na shilingi 20 kwa pauni, lakini pauni ya Pennsylvania haikuwa na thamani ya pauni ya London, na Maryland ilikuwa na yake, mbali na kwamba watu wa huko walilipana pia kwa ratli za tumbaku. Usibadilishe kiasi chochote kuwa dola za leo. Kikilinganishwa na mshahara wa mchoma makaa katika daftari hilohilo, kitaeleweka vizuri zaidi kuliko kikilinganishwa na bei za sasa.

Angalia pia miezi ambayo tanuru lilikuwa kimya. Barafu ilifunga gurudumu la maji, ukame ulikausha bwawa, au kifua cha tanuru kilichomeka na kuhitaji kujengwa upya. Ukiziweka tarehe hizo kando ya kumbukumbu za mkutano, huenda ukaona kwamba mtu wako alihudhuria mikutano ya mbali hasa tanuru lilipokuwa limezimwa, na hilo litakueleza ratiba ya maisha yake kuliko barua yoyote.

Zingatia sheria pia. Mwaka 1750 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya chuma iliyoondoa ushuru wa mikuo iliyoingizwa Uingereza kutoka makoloni, na wakati huohuo ikakataza kujenga vinu vipya vya kupasulia chuma, karakana mpya za kutengenezea bamba na matanuru mapya ya chuma cha pua. London ilitaka malighafi, haikutaka washindani. Mauzo ya mtu wako yakibadilika baada ya mwaka huo, jiulize kama sababu ni hiyo.

Majina yaliyo katika orodha ya mali

Sasa tumefika mahali ambapo waandishi wengi huanza kunong'ona. Mwenye tanuru alipofariki, majirani wawili au zaidi walipita katika nyumba yake, ghala na karakana wakiandika kila kitu na thamani yake: vitanda, vyombo vya pewta, saa, farasi, magari ya kukokotwa, chuma kisichouzwa. Katika orodha za namna hiyo, kati ya mifugo na zana, mara kwa mara huandikwa wanadamu. Watumishi wa mkataba huandikwa pamoja na miaka iliyobaki ya utumishi wao, na watumwa huandikwa kwa jina moja tu, umri na bei.

Jambo hili halikuwa la pembeni. Mwaka 1727 wenye viwanda vya chuma wa Pennsylvania waliomba ushuru wa kuingiza watumwa ufutwe kwa sababu ya upungufu wa wafanyakazi. Huko Maryland, kiwanda cha Patuxent cha Richard Snowden, aliyeishi kuanzia 1688 hadi 1763, kiliendeshwa kwa nguvu za watumwa pia. Na haiwezekani kusema kwamba hakuna Mkwekeri aliyeona ubaya wake wakati huo. Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown waliandika pingamizi dhidi ya utumwa na kulipeleka katika mikutano yao. Mwaka 1738 Benjamin Lay alisimama mbele ya Mkutano wa Mwaka kuwalaani Marafiki wenye watumwa. Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia uliamua mwaka 1758 kuwawekea vizuizi wanachama walionunua na kuuza watu, na mwaka 1776 ukaagiza kuwatenga waliokataa kuwaacha huru. Kwa hiyo unapoandika kuhusu mtu aliyefariki mwishoni mwa miaka ya 1730 au mwaka 1763, weka wazi alichoweza kukisikia wakati wa uhai wake. Usimsamehe kwa kusema kwamba nyakati zilikuwa hivyo. Sauti za kupinga zilikuwa ndani ya jumuiya yake mwenyewe.

Kisha wafuate watu hao. Nakili kila jina kutoka orodha ya mali kwenye kadi yake. Lipeleke jina hilo katika daftari za hesabu, kwa maana katika baadhi ya viwanda vya Maryland na Virginia watumwa waliandikiwa malipo madogo kwa kazi waliyoifanya kupita kiwango walichopangiwa, na hapo utamkuta mtu akinunua kitambaa au sukari kwa jasho la usiku wake. Lipeleke katika magazeti, hasa Pennsylvania Gazette na Maryland Gazette, ambamo wenye viwanda walitangaza zawadi kwa atakayewakamata waliotoroka. Tangazo la namna hiyo liliandikwa kwa nia mbaya, lakini ndilo pekee linaloweza kukuambia kwamba mtu fulani alikuwa na kovu la moto mkononi, alivaa koti la rangi gani, na alizungumza lugha ngapi.

Kupanga na kuandika

Ukisha kukusanya haya yote, tengeneza daftari moja lenye safu mbili kwa kila mwaka: kushoto mkutano, kulia tanuru. Sura bora za maisha ya namna hii hutoka mahali ambapo safu hizo mbili zinakaribiana. Mkutano unamteua kuwatembelea maskini katika mwezi uleule ambao leja inaonyesha amenunua mtu. Usitoe hukumu kwa vivumishi. Weka mambo hayo mawili katika aya moja, kwa tarehe zake, na msomaji ataelewa.

Vita vya Mapinduzi vinahitaji uangalifu wa pekee. Marafiki walikataa kubeba silaha, na waliobeba walitengwa, lakini tanuru halikuuliza chuma chake kinakwenda wapi. Warwick, lililojengwa na mjane wa Mkwekeri, lilisubu mizinga ya jeshi la Marekani. Isaac Potts, mwana wa John, alikuwa na nyumba Valley Forge, nayo ndiyo iliyotumiwa na George Washington kama makao yake makuu katika majira ya baridi ya 1777 na 1778. Eleza nani alikuwa mmiliki katika kila mwaka kabla ya kumhusisha yeyote na mizinga hiyo, maana kufikia wakati huo mali ilikuwa imepita katika mikono mingi.

Kama unaweza kusafiri, nenda. Jumba la Pottsgrove liko wazi kwa wageni. Tanuru la Hopewell, lililojengwa na Mark Bird mwaka 1771, halikuwa la Mkwekeri, lakini hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi jinsi tanuru, nyumba ya mwenye mali, ghala, nyumba za wafanyakazi na mashimo ya mkaa vilivyokaa pamoja. Inama kwenye kijito karibu na tanuru lolote la zamani na utaokota kipande cha mavi ya chuma, cheusi au cha buluu, kinachong'aa kama kioo. Hapo utakuwa umeshika kitu ambacho mtu wako alikitupa.

Usimalizie kitabu chako kwenye mazishi. Endelea hadi hesabu ya mwisho ya wasimamizi wa mirathi, ambayo ingeweza kuchukua miaka kadhaa kufungwa. Humo ndimo utakapoona tanuru lilikwenda kwa nani, deni lipi lililipwa na lipi lilifutwa, na kila mtu aliyeandikwa katika orodha ya mali alipelekwa kwa mrithi gani au aliuzwa kwa nani na lini. Rudi kwenye kadi zako, andika jibu hilo mbele ya kila jina, na uzichapishe kadi zote mwishoni mwa kitabu.